Memwari zetu za uchumi: nani anasoma namba kabla ya kuziingiza mu EViews?



Mimi ni mtu wa agronomi, si wa uchumi. Nasema mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Lakini tangu nimalize lisansi, kila msimu wa memwari wanafunzi wa uchumi wananitafuta, nikiwa huku Lemera ao nikishuka Uvira, na swali ni lile lile: "Mukubwa, unaweza kunisaidia na seri?" Wanakuja kwangu kwa sababu watu wa agronomi tunasifika kwa statistiki ya mashamba ya majaribio. Kwa njia hiyo nimesoma memwari kumi na mbili hivi, zingine zimeshatetewa, zingine bado. Leo nataka kuzizungumzia kama kazi za kusomwa, kwa sababu mtu akiandika kurasa themanini anastahili msomaji anayemjibu.

Neno langu ni moja: msaada tunaoomba njo shida yenyewe. Tunatafuta mtu wa kutuendeshea programu, wakati tunachokosa ni mtu wa kutuuliza namba zimetoka wapi na mwaka ule kulitokea nini.

Tuanze na kichwa cha kazi. Karibu zote zinaitwa "Athari za" kitu fulani "kwa ukuaji wa uchumi wa RDC, kutoka 1990 hadi 2020". Hicho kitu fulani kinaweza kuwa deni la nje, bei ya shaba, mikopo ya benki, misaada ao kilimo. Sura ya kwanza inaeleza maneno. Sura ya pili inaeleza nchi. Mambo inageuka mu sura ya tatu, ile ya seri za wakati, yaani namba za kitu kimoja zilizopimwa mwaka baada ya mwaka. Hapo sauti inabadilika. Sentensi zinakuwa fupi, jedwali zinajaa, koma ya desimali inageuka nukta, na yule kijana aliyekuwa anaongea nasi tangu ukurasa wa kwanza anapotea. Mu kazi tatu tofauti nilikuta aya ile ile ya kueleza matokeo, na kosa lile lile la herufi.

Tunajua sababu. Kuna watu wa kusaidia, wengi wao vijana wenye akili sana. Unawapelekea faili la Excel, wanakurudishia sura nzima, na bei inategemea haraka yako. Siwalaumu kwa kutafuta chakula. Hata mwanafunzi simlaumu haraka. Kufanya uchunguzi mu vijiji kunaomba pesa ya moto, pesa ya kulala, na njia iliyo salama, na mu territwari yetu ya Uvira njia salama haiko ya kila siku. Namba za Benki ya Dunia ziko bure mu intaneti, dakika kumi umeshazishusha. Ningekuwa mahali pake, na direkta anayeniona mara mbili kwa mwaka, pengine nami ningekimbilia huko.

Lakini tuone kinachotoka.

Mwaka 1926 Mwingereza mmoja wa statistiki, Udny Yule, aliuliza kwa nini wakati mwingine seri mbili zisizohusiana hata kidogo zinaonekana kama mapacha. Mfano wake ulikuwa huu: kati ya 1866 na 1911, sehemu ya ndoa zilizofungwa mu Kanisa la Anglikana Uingereza ilikuwa inapungua, na vifo pia vilikuwa vinapungua. Korelasio kati ya hivyo viwili ilifika 0.95. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema ndoa za kanisani zinaua watu. Ni vitu viwili vilivyoshuka pamoja mu miaka ile ile, basi.

Mwaka 1974 Clive Granger na Paul Newbold walirudia jambo hilo kwa kompyuta. Walitengeneza seri ambazo kila hatua yake ni ya bahati nasibu, hakuna moja inayojua nyingine. Wakazifanyia regresio ya kawaida. Karibu mara 3 kati ya 4, testi ya kawaida ilijibu: ndiyo, uhusiano upo. Granger huyu njo aliyekuja kupata Nobel ya uchumi mwaka 2003, pamoja na Robert Engle.

Tulete jambo hili kwetu. Mwaka 2015 dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa faranga za Kongo zaidi kidogo ya 900. Mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,700. Katika miaka hiyo hiyo maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda, na watu wa Uvira hawahitaji profesa wa kuwaambia: mwaka 2020 na 2021 yaliingia mu nyumba za kando ya ziwa, na mwaka 2024 yakarudi kwa nguvu zaidi. Chukua seri hizo mbili, zitie mu programu, uone. Unaweza kupata R mbili nzuri na nyota tatu pembeni ya koefisienti. Utaandika nini mu hitimisho? Kwamba dola inajaza ziwa? Kwamba gavana wa Benki Kuu apunguze maji? Sote tunacheka kwa sababu ziwa tunalijua. Ukiweka "deni la nje" mahali pa ziwa, hakuna anayecheka tena, na juri inasema "matokeo yanaridhisha".

Mutaniambia: mukubwa, njo maana tunafanya testi za stasionarite. Kweli kabisa. Testi ya Dickey na Fuller ya 1979, kointegrasio ya Engle na Granger ya 1987, njia ya Johansen ya 1988, ARDL ya Pesaran, Shin na Smith ya 2001, zote zilizaliwa ili kututoa mu mtego huo. Ni kazi nzuri za watu waliofikiri sana. Lakini mu memwari nilizosoma zimekuwa kama sala ya kabla ya chakula: inasomwa haraka, halafu tunakula kile tulichokuwa tumeshapakua. Seri haiko stasionari? Tunatoa tofauti ya kwanza. Bado? Tofauti ya pili. Mwanafunzi haulizi, tofauti ya pili ya deni la nje maana yake nini mu maisha ya watu.

Halafu tuhesabu mistari. Kutoka 1990 hadi 2020 ni miaka 31. Mu kazi moja niliyoletewa, modeli ilikuwa VAR ya variabli 4 na miaka 3 ya nyuma. Kila ekwasio ina koefisienti 12 na konstanti 1, jumla 13. Miaka 3 ya kwanza inaliwa na kurudi nyuma, inabaki mistari 28. Unaomba mistari 28 ikupe majibu 13, mara ekwasio nne. Sisi mu agronomi, mwanafunzi akija na viwanja 28 vya kueleza mambo 13, mwalimu anamrudisha shambani bila kukaa. Na testi ya stasionarite yenyewe ni dhaifu seri ikiwa fupi: mara nyingi inashindwa kukataa hata pale inapopaswa kukataa. Hiyo iko mu vitabu vyote. Lakini mu memwari utasoma tu "probabilite ni kubwa kuliko 5%, kwa hiyo...".

Sasa niingie mu shamba langu. Kati ya zile kumi na mbili, nne zilikuwa na variabli ya kilimo, na mbili zilitumia mavuno ya mihogo kwa hekta kutoka kwa FAO. Fungua seri hiyo kwa Kongo, angalia miaka ya 2000. Utaona tani 8 na kidogo, mwaka baada ya mwaka, karibu bila kutikisika. Mtu aliyewahi kushika jembe mu uwanda wa Ruzizi anajua hiyo haiwezekani. Miaka ile mozaiki ilikuwa inakausha majani ya mihogo, watu walikuwa wanakimbia mashamba na kurudi, mvua ilikuwa inakuja na kukosa. Muhogo wetu haukukaa kwenye tani 8 kama saa ya ukutani. Hiyo seri si kipimo cha shamba, ni makadirio: eneo linakisiwa, linazidishwa na namba ambayo haibadiliki sana. FAO yenyewe haifichi. Pembeni ya kila namba inaweka alama inayosema kama ni ya serikali, ya kukadiriwa ao ya kujazia. Lakini ukishusha faili na kufuta safu ya alama ili EViews isilalamike, umefuta sehemu yenye maana kuliko zote. Baada ya hapo unapima stasionarite ya kitu gani? Unapima tabia ya mtu aliyeketi ofisini akikadiria.

Vile vile kwa "PIB kwa kila mtu". Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Kila kinachogawanywa kwa idadi ya watu tangu hapo kinagawanywa kwa makadirio. Na bei? Kati ya 1990 na 2020 nchi ilipita mu pesa tatu. Oktoba 1993 zaire mpya ilichukua nafasi ya zaire milioni 3. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Kasai walikataa zaire mpya na kuendelea na ile ya zamani, kwa hiyo hata "bei ya nchi" haikuwa moja. Mu jedwali, haya yote yanakuwa safu moja laini yenye kichwa "INF".

Sisemi kwamba namba hizo tuzitupe. Nasema anayezitumia aandike hata ukurasa mmoja kuzihusu. Mu kazi kumi na mbili sikuona ukurasa huo hata mara moja. Niliona tu "chanzo: Benki ya Dunia", kama vile Benki ya Dunia ina shamba hapa.

Kuna jambo lingine linalonigusa zaidi. Wale wa kusaidia wanajua kwamba nchi hii ilivunjika mara nyingi, basi wanaweka variabli ya 0 na 1 kwa mwaka wa shida. Kwa Kifaransa inaitwa variabli bubu. Mwaka 1996 inapewa 1, mingine 0, tunaendelea. Mwaka 1989 Pierre Perron alionyesha kwamba seri yenye mvunjiko mmoja mkubwa inaweza kuidanganya testi ya stasionarite: inaona mabadiliko ya kudumu kila siku, kumbe ni pigo moja. Yeye alikuwa anafikiria anguko la 1929 na bei ya mafuta ya 1973, mapigo mawili mu miaka mingi. Sisi mu miaka 31 tuna uporaji wa Septemba 1991, uporaji wa Januari 1993, vita ya 1996, vita ya Agosti 1998, Kivu kuwa chini ya RCD hadi 2003 wakati hesabu za taifa zikiandikwa Kinshasa, na mpaka kufungwa kwa korona 2020. Ukiweka bubu kwa kila pigo, mistari inaisha. Usipoweka, modeli inadanganya. Hiyo haiko shida ya ufundi tu. Ni jibu la wazi kwamba swali lenyewe ni kubwa kuliko namba tulizo nazo.

Na kwetu huku juu, 1996 haiko bubu. Tarehe 6 Oktoba mwaka ule hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari aliyekuwa anaiongoza ni Denis Mukwege, aliyekuja kupata Nobel ya Amani 2018. Siku kumi na saba baadaye, tarehe 23 Oktoba, makubaliano yaliyoanzisha AFDL yalipewa jina la kijiji chetu. Chini mu uwanda, kiwanda cha sukari cha Kiliba kilisimama na wafanyakazi wake wakabaki hivyo. Kijana wa Uvira anayeandika juu ya uchumi wa 1990 hadi 2020 anaishi na watu waliokuwa mu namba hiyo. Mjomba wake anaweza kumwambia gunia la maharage lilifika bei gani. Lakini mu sura ya tatu 1996 ni 1, na maelezo yake ni sentensi moja: "mwaka wa vita".

Mu shamba la majaribio tunafanya kitu ambacho mtu wa uchumi hana. Tunachukua mbegu nne, tunazipanda mu bloku tatu ao nne, tunapiga kura kila kiwanja kipate nini. Mvua mbaya ikija, inawapiga wote. Kwa hiyo tofauti ikionekana, tunaweza kusema ni ya mbegu. Historia ya Kongo haikupigiwa kura na haikurudiwa. Tuna 1996 moja tu. Hatuna Kongo nyingine ambapo vita haikuingia ili tulinganishe. Kwa hiyo anayefanya seri za wakati anapaswa kuwa na tahadhari mara mbili kuliko sisi, na kujua historia mara kumi. Mimi naona kinyume: wenye majaribio wanaogopa kusema, wenye seri wanasema "athari" tangu kichwa cha kazi.

Vitabu navyo tuviseme. Kile kinachopigwa fotokopi sana ni "Économétrie" cha Régis Bourbonnais, cha Dunod, chenye masomo na mazoezi yaliyosahihishwa. Ni kitabu kizuri, nilikisoma ili niweze kujibu maswali ya wadogo. Kinaeleza polepole na kinakuonyesha hesabu. Lakini zoezi la kitabu linakupa data iliyo tayari, na jibu liko nyuma yake. Hakuna zoezi linaloanza kwa kusema: "nenda ujue nani alipima hii". Kazi hiyo kitabu kinamwachia mwalimu, mwalimu anamwachia mwanafunzi, mwanafunzi anamwachia yule wa kusaidia, na yule wa kusaidia analipwa kwa jedwali, halipwi kwa maswali. Juri nayo inaishia kwenye namba za kurasa na ipoteze zilizothibitishwa. Hakuna aliyekuwa mbaya mu mnyororo huo. Lakini mwishoni tunampa mtu diploma ya kuongea juu ya nchi ambayo kazi yake haikuiangalia.

Basi tufanye nini na hali hii, ikiwa pesa ya uchunguzi haiko na njia haiko salama? Nadhani tushuke chini, tupunguze swali. PAM inakusanya bei za vyakula kila mwezi mu masoko mengi ya Kongo na kuziweka wazi. Mvua iliyokadiriwa kwa satelite, ile inayoitwa CHIRPS, iko bure tangu 1981, na unaweza kuikata mpaka eneo dogo kama groupement yetu. Miaka kumi ya mwezi kwa mwezi ni mistari 120, siyo 31. Uliza swali ambalo mama wa soko angeelewa: mvua ikikosa mwezi wa kumi na moja, bei ya maharage inapanda mwezi gani, na inakaa juu kwa muda gani? Bei ya Uvira inafuata ya Bujumbura ao inaitangulia? Mpaka ulipofungwa 2020, uhusiano huo ulikatika?

Hapo msimu utakuamsha wenyewe. Msimu wa A tunapanda Septemba, maharage yanatoka Desemba na Januari. Msimu wa B tunapanda Februari, yanatoka kuelekea Juni. Bei inashuka baada ya kila mavuno, kila mwaka, hata kama waziri amelala. Asiyejua hilo ataona bei imeshuka Januari na kuandika kwamba sera ya pesa imefanya kazi. Anayejua atatoa kwanza msimu, halafu aangalie kinachobaki. Ekonometri ni ile ile, testi ni zile zile, hata programu inaweza kuwa ile ile. Tofauti ni kwamba sasa mwandishi anaweza kugundua jibu la kijinga likitokea, kwa sababu anajua maharage.

Na kama hukupata uhusiano, andika kwamba hukupata. Hilo ni tokeo. Kazi inayosema "kwa namba hizi, hatuwezi kujua" imemsaidia anayekuja nyuma kuliko kazi yenye nyota tatu ambayo hakuna atakayeirudia.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukija kwangu ao kwa yeyote na seri zako, njoo kwanza na grafu uliyoichora mwenyewe, hata kwa mkono, na kalamu nyekundu. Weka alama kwenye kila mwaka ambao mstari umepinda, uandike pembeni unafikiri kulitokea nini, na uliyemuuliza. Weka alama pia pale mstari umenyooka sana kuliko maisha. Tukimaliza kuongea juu ya karatasi hiyo, tutafungua kompyuta, na sehemu ya EViews itachukua mchana mmoja. Na siku ya kutetea, mtu wa juri akikuuliza "kwa nini hapa?", hutageuka kumtafuta aliyekusaidia.

Wakubwa munaoongoza memwari, na ninyi munaosaidia kwa kulipwa, ombi langu kwenu ni dogo: kabla ya kupokea faili, muulizeni mwenye kazi namba moja tu kati ya hizo, yoyote, nani aliipima na wapi. Akikosa jibu, kazi haijaanza.